Matundu ya Kunduchi

Kutoka Tegeta Kibaoni hadi Kunduchi Mtongani ni mwendo mfupi wa daladala, na kutoka barabarani kuteremka pwani bajaji hufika kabla mtoto hajachoka kuuliza kama wamefika. Huko, katikati ya mibuyu, yapo magofu ya msikiti wa kale na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yakiwa na nguzo ndefu upande wa kichwani. Watu wa pwani waliozikana hapo karne kadhaa zilizopita walikuwa na desturi ya kupachika sahani na bakuli za kauri kwenye makaburi ya wakubwa wao. Kauri hizo zilivuka bahari kutoka Uchina. Leo mahali pengi pamebaki tundu la duara tu kwenye chokaa.

Mtoto wa miaka saba akisogezwa karibu na tundu hilo hahitaji hotuba. Atauliza mwenyewe palikuwa na nini. Akijibiwa, atauliza kiko wapi. Na akiachwa atulie kidogo, huja swali la tatu, ambalo humtoa jasho mkubwa aliyesimama naye: nani alikitoa?

Swali hilo ndilo somo zima la malikale zilizoondoka mikononi mwa wenyewe. Wazazi na walimu wanaotamani kulifundisha mara nyingi huanzia mbali mno. Huanza na ramani ya Ulaya, Mkutano wa Berlin, majina ya makumbusho ambayo mtoto hawezi hata kuyatamka, na picha ya mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru amesimama kwenye ukumbi wa kioo. Mtoto husikiliza kwa adabu, hunakili ubaoni, na mtihani ukiisha na habari imeisha. Mtoto wa Tegeta anahitaji kuanza na kitu anachoweza kukigusa, au na pengo analoweza kutia mkono wake ndani, kisha ndipo apelekwe mbali.

Na bahati nzuri pengo hilo lipo jirani. Kauri za makaburi ya pwani hazikuondolewa na mkono mmoja. Wapo wageni waliozibandua kwa ajili ya kabati zao, wapo wenyeji waliouza, na zipo zilizopasuka zenyewe kwa mvua na chumvi. Mzazi asimfiche mtoto lolote kati ya hayo. Akianza kwa kumwambia kwamba kila kilichopotea kilichukuliwa na Mzungu, siku mtoto atakapogundua habari ya mwenyeji aliyeuza, atalitilia shaka na lile la kweli.

*

Kabla ya safari yoyote, kazi ya kwanza ifanyike jikoni. Nyumba nyingi za Tegeta, hata zile zenye blenda, bado zina mbuzi ya kukunia nazi iliyotoka kwa bibi Bagamoyo, Tanga au Mtwara. Ifichwe kwa wiki moja. Watoto wasiambiwe. Siku ya wali wa nazi itafika, mama au dada atatafuta, mtu atasema hajaiona, mwingine atashukiwa. Jioni mbuzi irudishwe sebuleni, iwekwe juu ya kitambaa cheupe, na pembeni yake kiwekwe kikaratasi kilichoandikwa: "Kigoda cha mbao chenye chuma. Afrika Mashariki. Kilipatikana karne ya 20."

Watoto watacheka, na ni vizuri wacheke. Kisha waulizwe kikaratasi kimesahau nini. Kimesahau kwamba ni mbuzi. Kimesahau nazi. Kimesahau jina la bibi, na jinsi alivyokaa juu yake kanga ameifunga vizuri, na kwamba chuma kile kiliwahi kubadilishwa na fundi. Na zaidi ya yote, kimesema "kilipatikana", kana kwamba mbuzi ilikuwa inatembea barabarani peke yake ikaokotwa.

Hapo Kiswahili chenyewe kinamsaidia mwalimu. Lugha hii ina vitenzi vinavyomtaja mtenda na vinavyomficha. Kitu hupatikana, huhifadhika, huonekana, na katika maneno hayo yote hakuna mtu. Lakini kitu kikinunuliwa, pana mnunuzi na muuzaji. Kikiazimwa, pana siku ya kurudishwa. Kikiporwa, kikinyang'anywa, kikitwaliwa, pana mwenye nguvu na aliyezidiwa. Na kuna neno nyara, ambalo watoto hulisikia kwenye taarifa ya habari mtu akikamatwa na meno ya tembo, ambalo zamani lilikuwa hasa ni mali iliyotekwa vitani. Mtoto wa darasa la nne anaweza kabisa kupewa maneno haya manane au kumi kwenye vikaratasi na kuyapanga, kuanzia lile la haki kabisa hadi lile la dhuluma kabisa. Watabishana wapi pa kuweka "kukusanya". Waachwe wabishane, maana hata watu wazima wenye shahada bado wanabishania neno hilohilo.

Mwalimu wa shule ya serikali mwenye darasa lililofurika, ambaye basi la ziara ni ndoto, anaweza kuishia hapa na bado akawa amefundisha. Kila mtoto alete kitu kimoja cha nyumbani kilichowahi kuwa cha mtu mwingine kabla yake: chetezo, kibuyu, bao, kifimbo, kanga iliyochakaa. Asiyenacho achore. Chini ya kila kitu waandike sentensi nne: ni cha nani, kilifikaje hapa, kinafanya kazi gani, na nani atalia kikipotea. Sentensi ya nne ndiyo inayokosekana kwenye vibandiko vingi vya makumbusho.

*

Safari yenyewe inaweza kuwa ile ile ya kila siku. Daladala inayotoka Tegeta kuelekea Mwenge hupita Africana, Mbezi Beach, kisha Lugalo. Konda hupaza sauti, abiria wa hospitali ya jeshi hushuka, gari huondoka. Watoto wamelisikia jina hilo tangu wakiwa mgongoni kwa mama zao.

Lugalo ya awali iko Iringa. Ndipo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mtwa Mkwawa, chifu wao, walipouvizia msafara wa kijeshi wa Wajerumani ukiongozwa na Emil von Zelewski, wakaua sehemu kubwa ya kikosi na kiongozi wake. Wajerumani walirudi wakaibomoa ngome ya Kalenga mwaka 1894. Mkwawa akaendelea kupigana porini hadi Julai 1898, alipojipiga risasi badala ya kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Hii ni habari nzito kumpa mtoto ndani ya daladala iliyojaa, na haifai kuwa ya kwanza. Kwa walio chini ya miaka kumi inatosha kusema kwamba Wahehe walinyang'anywa kitu kitakatifu cha mtwa wao, wakakidai, wakakipata. Kwa mkubwa zaidi, sehemu inayomfikirisha si kukatwa kichwa, ni hesabu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipomalizika, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Mtoto ahesabu mwenyewe. Fuvu lilikabidhiwa Wahehe tarehe 19 Juni 1954. Miezi sita ilichukua zaidi ya miaka thelathini.

Aelezwe pia jinsi lilivyopatikana, na hapa neno "lilipatikana" lichimbwe. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu kama 2,000 yamepangwa, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Likakabidhiwa kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge, na limewekwa kwenye makumbusho ya Kalenga hadi leo. Wapo wanaotilia shaka kama ndilo hasa. Mzazi asiruke jambo hilo kwa kuogopa kuharibu hadithi. Kijana wa miaka kumi na mitatu akisikia habari ya mafuvu elfu mbili, swali lake la kwanza kwa kawaida halihusu Mkwawa. Atauliza: hayo mengine ya nani?

Jibu la swali hilo lipo, na linahusu Watanzania walio hai. Mwezi Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya serikali mjini Berlin ilitangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda na zaidi ya 200 yakiwa ya eneo ambalo leo ni Tanzania. Kwa vipimo vya vinasaba, baadhi yalihusishwa na ukoo wa watu wanaoishi Kilimanjaro sasa hivi. Kichwa cha Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwezi Machi 1900, hakikuonekana katika hayo, ingawa mjukuu wake amekitafuta karibu maisha yake yote. Kule Songea, Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji, na wazao wake wanaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea tarehe 1 Novemba 2023, akakutana na ukoo na kuomba msamaha.

Habari hizi zifundishwe kama habari za msiba. Mtoto wa Kitanzania anajua msiba ni nini. Anajua turubai, anajua kukaa kimya mbele ya wafiwa, anajua kwamba mtu haulizwi maswali ya kuchokonoa. Akiambiwa kwamba kuna familia ambayo msiba wake haujaisha kwa zaidi ya miaka mia moja kwa sababu hakuna cha kuzika, ataelewa bila picha yoyote ya fuvu. Picha zenyewe zisionyeshwe. Wala hakuna maana kumdhalilisha kiongozi wa watu aliyekufa kwa heshima kwa kumgeuza kitisho cha usiku.

*

Mwenge ni furaha zaidi. Kwenye soko la vinyago mtoto asikie patasi, anuse mpingo, aone mti mweusi ukitoka ndani ya ganda lake jeupe. Ni vizuri anunue kitu kidogo kwa hela aliyotunza mwenyewe, aulize bei, apunguziwe, apokee kwa mikono miwili na amshukuru fundi. Baadaye aambiwe: hivyo ndivyo kitu kinavyoondoka kwa haki. Fundi alikichonga akiuze, wewe ukamlipa, na kesho atachonga kingine.

Kisha mzazi amwombe mchongaji mwenye umri, kwa heshima inayostahili, aeleze tofauti ya kinyago cha kuuza na kile cha kuvaliwa. Kwa Wamakonde, vinyago vya kuvaa vya ngoma ya mapiko vina mahali pake na wakati wake, na si kila jicho linaruhusiwa kuona vinavyoandaliwa. Mtoto akijua kwamba vitu viwili vilivyotoka katika mti mmoja vinaweza kuwa na hadhi mbili tofauti, amepiga hatua kubwa kuliko watalii wengi waliopita hapo.

Na hapo ndipo mahali pa kumsimulia kisa ambacho kila mtoto wa Dar es Salaam angepaswa kukijua. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa, hapa hapa mjini, wakaiba vitu kadhaa. Kimojawapo kilikuwa kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kikanunuliwa Paris na makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Mwaka 1990 msomi wa Kiitalia, Profesa Enrico Castelli, alikitambua. Ikaanza safari ya barua. Mazungumzo yakasuasua, yakafufuliwa mwaka 2002, Tanzania ikalipeleka suala mbele ya kamati ya UNESCO inayoshughulikia urejeshaji mwaka 2006, na mwishowe mapatano yakatiwa saini Paris tarehe 10 Mei 2010 na kinyago kikarudi nyumbani. Miaka 26 tangu kuibwa.

Kisa hiki kina thamani ya pekee kwa sababu hakikai vizuri ndani ya hadithi iliyozoeleka. Hakuna gavana, hakuna bendera ya mkoloni. Nchi ilikuwa huru kwa zaidi ya miaka 20. Mkono uliovunja mlango ulikuwa wa mwizi aliyefanya kazi hapa Dar es Salaam, na mnunuzi alikuwa mbali kwenye soko linalolipa vizuri bila kuuliza sana. Mtoto ataona kwamba wizi wa namna hii una ncha mbili, na kwamba ncha ile ya mnunuzi ndiyo huipa nguvu ile ya mwizi.

Kuna jambo moja zaidi lenye kufaa kwa mjadala wa chakula cha jioni. Katika mapatano yale ya mwaka 2010, kinyago kiliandikwa kuwa kimetolewa kama zawadi kwa Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Mtoto aulizwe: mtu akikuta baiskeli yako kwake, akakuletea na utepe akasema ni zawadi, utasema asante? Wengine watakataa kwa hasira. Wengine watasema bora baiskeli irudi, utepe si hoja. Wote wana hoja, na huenda waliokaa meza ile walipima hoja hizo hizo.

*

Mbele kidogo ya Mwenge kipo kituo chenye jina linalojieleza. Wapo watu wanaoshuka Makumbusho kila siku kubadili gari, na hawajawahi kuingia Kijiji cha Makumbusho kilicho hatua chache tu. Kijiji hicho kilianzishwa mwaka 1966, na ndani yake zimejengwa nyumba za asili za jamii mbalimbali za Tanzania. Watoto hupenda mahali hapa kwa sababu mlango una kimo chao. Mzazi asikimbilie kusoma vibao. Aingie na mtoto ndani ya nyumba ya jamii isiyo yao, wakae chini, wakubaliane kitu gani katika nyumba ile kingeuma kupotea zaidi ya vyote.

Hapo ndipo pa kusimulia habari ya Wamasai na Oxford, ambayo ni mpya na watoto huipenda kwa sababu ina ng'ombe. Mwaka 2017 Samwel Nangiria, kiongozi wa Kimasai kutoka Loliondo, alizuru makumbusho ya Pitt Rivers huko Oxford, Uingereza, akaona vitu vya watu wake vimewekewa maelezo yasiyo sahihi. Baadaye ujumbe wa Wamasai wa Kenya na Tanzania ulirudi, ukavikagua, na wazee wakatambua vitu vitano ambavyo kwa desturi havikuweza kutolewa wala kuuzwa. Kimojawapo ni orkatar, bangili inayotoka kwa baba kwenda kwa mwanawe, baba akiwa amefariki. Bangili hiyo kuwa mikononi mwa mgeni ina maana kwamba kuna jambo baya lilitendeka.

Makumbusho hayo hayakuishia kuandika barua. Mwaka 2023 wawakilishi wake walikuja Afrika Mashariki, wakakaa na familia zilizohusika katika taratibu za upatanisho, na fidia ikatolewa kwa ng'ombe 49, idadi inayotolewa kwa desturi ya Kimasai damu ya mtu inapomwagika. Mtoto aulizwe kwa nini ng'ombe na si pauni. Aulizwe pia kwa nini 49. Ni nadra kupata mfano ambapo aliyekuwa na kitu alikubali kupimwa kwa mizani ya mwenye haki nacho, na mfano huo unastahili robo saa kivulini, hata kama watoto wengine wameanza kudai juisi.

Atakayetaka kuendelea hadi katikati ya jiji, Makumbusho ya Taifa yapo Mtaa wa Shaaban Robert. Huko ndiko linakohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey Olduvai Julai 1959, likapelekwa Kenya kwa uchunguzi, na likarejeshwa Tanzania mwaka 1965. Ni mfano mfupi na mzuri wa kitu kilichotoka kwa sababu inayoeleweka na kikarudi.

*

Watoto wakishaanza kuuliza, maswali magumu yatafuata, na majibu ya mkato huyaua.

Lililo maarufu zaidi ni hili: kama wasingevichukua, si vingeoza huku? Mzazi asiligeuze kuwa utovu wa uzalendo. Ni swali la haki, na wizi wa 1984 ni ushahidi kwamba nyumbani nako kufuli huvunjwa. Lakini mtoto aelezwe kwamba vitu vingi havikutengenezwa vikae milele. Vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya ni mfano. Ni nguzo za mbao zinazosimamishwa kwa ajili ya marehemu wa heshima, na wenyewe hawaziondoi, huziacha jua na mchwa wazifikie kwa wakati wao. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka mingi ikapita ndipo mtafiti huyo alipovitambua katika makusanyo ya makumbusho mawili ya Marekani, moja jimbo la Illinois na jingine Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Picha ile ndiyo iliyokuwa shahidi, na hadi mwaka 2007 vigango hivyo vilikuwa vimesharejea Kenya. Walivihifadhi vizuri sana huko Marekani. Familia haikutaka vihifadhiwe, ilitaka vikae mahali pake.

Habari hiyo inajibu swali la pili pia: je, Wazungu wote ni wezi? Udvardy hakuwa Mmijikenda, Castelli hakuwa Mmakonde. Wao ndio waliosema kweli. Na upande wa pili, mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliamua kwamba makusanyo ya misafara iliyogharamiwa na serikali katika makoloni yapelekwe Berlin. Mtoto mkubwa aone vyote viwili: watu mmoja mmoja wenye dhamiri, na amri iliyoandikwa ofisini ikafanya uchukuaji kuwa kazi ya kawaida. Makumbusho ya mambo ya makabila ya Berlin leo yana vitu kama 10,000 kutoka Tanzania. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa, vingine, zikiwemo silaha za Vita vya Maji Maji, vilitwaliwa vitani. Kuvitenga kimoja kimoja ni kazi ambayo sasa watafiti wa Tanzania na Ujerumani wanaifanya pamoja, na kijana wa Wazo au Boko anayependa historia anaweza kuota kuifanya.

Lipo tatizo jingine ambalo huibuka nyumbani hasa. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, za Waislamu na za Wakristo, kinyago ni kitu cha kutiliwa shaka. Mzazi mmoja atasema vitu hivyo vina mashetani, bora vilivyoondoka. Hapa mwalimu asishindane na imani ya mtu. Aulize tu jambo moja: jirani akiwa na kitu ambacho mimi nakiona hakifai, je, napata haki ya kukichukua bila ruhusa yake? Wapo wamisionari waliowaambia watu wavitupe vitu hivyo kwa kuwa ni vya giza, kisha vikafungashwa vizuri na kusafirishwa. Mtoto aiache imani yake ilipo na aulize kwa nini kitu kibaya kilifungwa kwa uangalifu namna ile.

Na wazazi wajiangalie wenyewe. Vigae vya vyungu na vipande vya kauri bado huonekana ardhini kwenye magofu ya pwani, na mkono wa mtoto, na pengine wa baba yake, huwa mwepesi. Mambo ya kale yanalindwa na sheria iliyotungwa mwaka 1964. Lakini kabla ya sheria, mtoto atajifunza zaidi akimwona baba ameinama, amekitazama kigae, amekipiga picha na simu, kisha amekiacha palepale.

Familia itakayopanga kuanza na Kunduchi iende asubuhi, kabla jua halijawa kali, ikiwa na maji ya kunywa, karatasi, penseli na kipande cha uzi. Kuta zisikwanguliwe na nguzo zisipandwe. Mtoto achague tundu moja, alichore, kisha auweke uzi mbele yake bila kugusa chokaa, aukate sawa na upana wa tundu. Uzi huo urudi naye Tegeta mfukoni, na jioni afungue kabati la vyombo, apime sahani moja baada ya nyingine hadi aipate inayolingana.